Tope la Chini ya Maganda

Mama yule aliingia ofisini kwetu asubuhi, akaweka mezani chupa iliyojaa kitu cheusi, akavuta kiti akakaa. Nilimwamkia, maana alikuwa na umri wa mama yangu mdogo.

"Marahaba," akaitikia, kisha akanisogezea chupa. "Hayo ndiyo yanayopita kwenye bustani yangu. Ninyi ndio watu wa maji. Niambieni kama ni maji."

Nilikuwa na mwaka mmoja tu Masasi. Nimezaliwa Rungwe, ambako mvua hunyesha mpaka watu wakaichoka, na kusini nililetwa na barua ya ajira iliyoniita fundi sanifu wa maabara. Kazi yangu ilikuwa kupima visima: chumvi, uchafu, vimelea vya kinyesi. Chupa ile sikujua niianzie wapi. Nilipofungua kifuniko, harufu ilinipanda puani, kali kama dawa ya kusafishia choo iliyochanganywa na moshi. Tone moja liliniangukia juu ya kiganja. Nikalifuta kwa kitambaa, nikaendelea kuandika. Jioni mahali pale palikuwa pekundu, na kesho yake palitoka lengelenge.

Mtu aliyekulia chini ya mikorosho angejua mapema kuliko mimi. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Watoto wa huku hufundishwa tangu wadogo wasiing'ate korosho mbichi, na wanawake wanaobangua hujipaka majivu mikononi kabla ya kuanza kazi. Mimi nilikuwa nimezila korosho nyingi sana tangu nifike, zikiwa nyeupe na zimekaangwa, wala sikuwahi kujiuliza ganda lake linakwenda wapi.

Mchana ule nilipanda bodaboda na mama yule kufuata njia ya Chiungutwa. Bustani yake ilikuwa bondeni: matuta ya mchicha, matembele, nyanya chungu, na kisima kifupi alichokichimba mwenyewe. Nusu ya juu ilikuwa imekufa. Haikukauka kama inavyokauka mimea iliyokosa maji. Majani yalikuwa yameungua kingo, yamejikunja, na udongo umefunga utando unaong'aa. Tulipandisha tukifuata mfereji mpaka tukafika kwenye ukuta wa kiwanda kidogo cha kubangua korosho.

Meneja alitupokea vizuri. Alikuwa mtu wa makamo kutoka kaskazini, mgeni kama mimi, mwenye uso wa mtu asiyelala vya kutosha. Alituonyesha kila kitu bila kuficha. Korosho zilichemshwa kwa mvuke, maji ya mvuke yakatoka meusi. Maganda yaliyobaki yalikamuliwa mafuta kwa mashine, na mashine na sakafu vikaoshwa kila siku, maji yakatoka meusi zaidi. Yote yaliingia kwenye shimo lililochimbwa nyuma ya ua. Wakati wa kiangazi shimo lilikunywa. Mvua zikianza, lilitapika.

"Najua ni vibaya," alisema meneja. "Mama, nikuombe radhi mbele ya huyu mtaalamu. Lakini nikifunga leo, wanawake wote hawa unaowaona wanarudi nyumbani. Niambieni cha kufanya nitafanya. Ila msiniambie nijenge mtambo wa kuagiza nje ya nchi, sina uwezo huo."

Mama yule alimtazama, akanitazama mimi. Nilisikia aibu, kwa sababu nilikuwa nimevaa kitambulisho shingoni, na nilichoweza kufanya ni kujaza chupa ya sampuli tu.

Wiki ile nilisoma kila nilichokipata. Nilichojifunza kilinikatisha tamaa kwanza. Weusi ule ulikuwa umejaa kemikali za jamii ya fenoli, ndugu wa zile zinazotiwa kwenye dawa za kuulia vijidudu. Na njia nafuu ya kusafisha maji machafu ni kuwaachia vijidudu wayale: bakteria wanaoishi kwenye tope, wakipewa hewa, hula uchafu kama chakula, wakazaana, wakaacha maji yakiwa safi. Kwa hiyo nilitakiwa kuwalisha bakteria dawa ya kuulia bakteria. Niliifunga kompyuta nikatoka nje kutembea. Vilima vya mawe vya Masasi vilikuwa vimesimama pale vile vile juu ya mapaa ya mabati, na mimi nikaona wazi kwamba cheti changu kilikuwa cha kupima tu. Kutibu hakuna aliyenifundisha.

Aliyenifundisha alikuwa fundi wa boila. Alikuwa Mmakonde wa Newala, mzee mwembamba mwenye mvi fupi, ambaye alikuwa ametunza moto wa kiwanda kile tangu kilipowashwa mara ya kwanza. Watu walimwita kwa jina la binti yake wa kwanza, Baba fulani, nami nikamwita hivyo hivyo. Nilipokwenda mara ya pili kuchukua sampuli, alinisubiri mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na chupa tena. Weka chini hizo chupa, nikuonyeshe kitu."

Alinizungusha nyuma ya ua, mbali na shimo, hadi kwenye lundo la zamani la maganda. Lilikuwa refu kuliko yeye, limeoza likawa rangi ya kahawa. Pembeni yake, chini, ambako maji ya mvua yalikuwa yakichuja miaka yote, palikuwa na ndago na majani mengine mabichi yameota, membamba lakini mazima.

"Tulipoanza kutupa maganda, hapa paliungua pote," alisema. "Hata majani ya mbigili hayakuota. Sasa tazama. Na maganda bado tunatupa, na maji meusi bado yanapita. Mimi sijasoma, lakini naona kuna kitu kinakula ile sumu."

Alichukua jembe akafukua. Udongo wa juu ulikuwa mweusi na wenye ukali, lakini chini kidogo alitoa tonge la tope laini la kahawia, akalipasua katikati akanipa ninuse. Halikuwa na harufu ya dawa. Lilinuka udongo wa kawaida.

Nililishika tonge lile kwa muda mrefu. Nilikuwa nimechora bakteria ubaoni na kwenye madaftari maisha yangu yote ya shule, vidude vya duara na vya fimbo, na sikuwahi kufikiri kwamba nyuma ya ua wa watu, chini ya takataka, wanaweza kuwa wamejifunza kitu ambacho sisi hatukijui. Miaka mingi walikuwa wakinyeshewa sumu kidogo kidogo. Wengi walikufa. Waliobaki walikuwa wameizoea, na baadaye wakaifanya chakula.

Tulianza na ndoo tano kwenye kibaraza cha boila, ambako joto haliishi. Tulitia maji meusi yaliyozimuliwa kwa maji ya kisima, tope la chini ya maganda, samadi, na machicha ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyobaki baada ya watu kukamua pombe ya uraka, ili vijidudu wapate kitu kitamu wakati wanazoea kichungu. Maji yale yalikuwa na asidi, tukayatuliza kwa majivu ya boila yenyewe. Hiyo ilikuwa akili ya mzee. Mimi nilikuwa nataka kuagiza chokaa. Kila asubuhi alikoroga ndoo kwa mti ili hewa iingie, kila ndoo mara mia moja, akihesabu kwa Kimakonde kwa sauti ya chini.

Kupima sumu nilitumia choroko. Vifaa vya kupima fenoli vilikuwa mbali, lakini choroko hazidanganyi. Unaweka punje kumi juu ya pamba iliyoloweshwa maji unayotaka kuyajua, unasubiri siku tatu. Maji ya shimoni hayakuotesha hata moja. Punje zilivimba zikawa nyeusi. Maji ya ndoo ya tatu, baada ya wiki mbili na nusu, yaliotesha nne. Niliwaita wanawake wa kubangua waje kuziona zile choroko nne, nao walikuja wakifuta mikono kwenye kanga, wakainama, wakasema hongera kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mtoto mchanga asiye mzuri sana.

Meneja alitimiza ahadi yake. Kulijengwa mtego wa mafuta kwa tofali za saruji, ili mafuta yaelee na yaenguliwe kabla ya maji kwenda mbele. Mafuta yale aliyauza, hivyo hakuyalalamikia. Baada yake kulikuwa na birika la kuchanganyia majivu. Lile shimo la zamani lilipanuliwa na kutandikwa turubai nene juu ya udongo wa mfinyanzi, likawa bwawa la tope. Maji yalipandishwa na pampu yakateremka tena kwenye ngazi za saruji yakirukaruka, yakichukua hewa njiani. Mwisho wa yote tulitengeneza kitalu cha changarawe na matete tuliyoyang'oa mtoni upande wa Nanganga, tukayaleta kwenye gari la ofisi yakiwa yamelala nyuma kama mzigo wa miwa. Kabla msimu haujachanganya, bwawa lilikuwa na tope hai la kahawia, linalonuka kama shamba lililolimwa jana, na tulikuwa tunaliongezea maji meusi kwa ndoo, kwa kipimo.

Nilikwenda bondeni nikamwambia mama yule anaweza kupanda upya. Nilimwambia kwa kinywa changu, nimesimama kwenye tuta lake.

Yaliyofuata nimeyarudia kichwani mara nyingi, na kila mara nayaona yangeweza kwenda vingine.

Msimu ulipopamba moto kiwanda kilikuwa kinafanya kazi tangu alfajiri. Maji meusi yaliongezeka, na mapipa tuliyokuwa tunayahifadhia yakajaa. Mkuu wangu wa kazi alikuwa ametangaza kwamba wageni kutoka mkoani watakuja kuona mradi. Meneja akaniuliza kama bwawa liko tayari kupokea maji yote. Nilipima asidi na hewa ya bwawa siku tatu mfululizo, nikaotesha na choroko. Vipimo vilikuwa vizuri, vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Bado," alisema mzee wa boila. "Wape wiki mbili nyingine."

"Baba, vipimo vinasema wako tayari."

"Vipimo vinasema wameshiba kile tulichowapa. Havijasema watakula kiasi gani maji yakija yote kwa pamoja."

Nilicheka kidogo. Namna nilivyocheka ndiyo inayonisumbua hadi leo, kuliko hata uamuzi wenyewe. Nilicheka kama mtu anayemvumilia mzee. Kisha nikamwambia meneja afungue.

Siku ya kwanza hakuna kilichobadilika. Siku ya pili povu jeupe juu ya bwawa liligeuka rangi ya majivu. Siku ya tatu asubuhi nilifika nikakuta tope lote limepanda juu, jeusi, limevunjika vipande, na ile harufu ya dawa ya choo imerudi. Nilichota kidogo kwenye glasi, nikaweka chini ya hadubini yetu kuukuu. Hapakuwa na kitu kinachotembea. Nilikaa pale nikisogeza kioo huku na huku kama mtu anayetafuta ufunguo mahali alipokwisha kutafuta.

Mchana mvua ikanyesha. Ilinyesha kwa saa mbili bila kupumzika. Kingo za bwawa tulikuwa tumezijenga kwa kutarajia mvua ya kawaida. Upande wa chini ulikatika, na tope lote lililokufa, pamoja na maji meusi ya siku tatu, likateremka bondeni.

Mimi nilikuwa juu nikisaidiana na mafundi kuziba kwa viroba vya mchanga. Sikufikiria bondeni mpaka jioni. Nilipoteremka, mama yule alikuwa amekwisha kuondoka, majirani wakaniambia amepelekwa Mkomaindo hospitali. Alikuwa amejaribu kuokoa miche kwa kuchota tope kwa mikono, akilitupa nje ya tuta, mpaka mikono ikashindwa.

Nilimkuta asubuhi ya pili amekaa kitandani, mikono yote miwili imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko. Wagonjwa wengine walikuwa wanakunywa uji. Nilimwamkia, akaitikia. Nilisimama kwa sababu hakuniambia nikae.

"Pole, mama," nilisema. "Kosa ni langu. Si la kiwanda. Niliambiwa nisubiri, sikusubiri."

Alitazama bendeji zake. Halafu akasema, "Uliniambia nipande."

"Ndiyo mama. Nilikuambia."

"Basi."

Heri angenigombeza. Nilikaa pembeni ya kitanda nikamnywesha uji, kwa kuwa mikono yake isingeweza kushika kikombe, na binti yake alikuwa bado hajafika. Alikunywa wote. Nilipomaliza alisema asante kwa sauti ile ile ambayo angemwambia mtu yeyote. Nikaenda zangu.

Wageni kutoka mkoani walikuja wakaona shimo. Mkuu wangu alinitetea mbele yao, na baadaye ofisini akaniambia maneno machache ambayo nilistahili. Nilimwandikia taarifa ya kurasa mbili nikieleza kosa lilivyotokea na nani alinionya. Niliandika na barua ya kuomba uhamisho, nikaikunja nikaiweka kwenye mkoba. Kisha nikaenda kiwandani kumwambia mzee wa boila kwamba tumerudi mwanzo, na kwamba huenda mwanzo huo utakuwa wa mtu mwingine.

Alikuwa anasukuma maganda ndani ya tanuru kwa koleo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango wa tanuru, akanipeleka nyuma. Palikuwa na pipa la plastiki limefunikwa kwa gunia. Alipolifunua niliona tope la kahawia, na juu yake povu jembamba jeupe.

"Siku ile ulipomwambia meneja afungue, nilichota hili," alisema. "Nimelikoroga kila siku."

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Ningekuambia, ungeona nakuombea ushindwe. Sikukuombea. Ila moto nimeutunza miaka mingi, najua kwamba kuuwasha ni kazi kuliko kuulinda."

Nilichukua ule mti wa kukorogea nikaanza kukoroga. Barua niliichana siku chache baadaye, bila kufikiri sana.

Safari hii tuliwalisha kwa kata. Kata moja ya maji meusi asubuhi, moja jioni, kwa pipa zima. Wiki iliyofuata mbili. Kila tulipoongeza, tulisubiri siku nne tukiangalia rangi, harufu, na namna tope linavyotua chini ukilichota kwenye glasi: likitua upesi na maji ya juu yakawa mepesi, wameshiba na wana afya, likielea, tumekosea. Nilijifunza kutazama glasi kabla ya kutazama vipimo. Meneja alikubali kuhifadhi maji yaliyozidi kwenye mapipa ya kukodi na kupunguza uoshaji, na kingo za bwawa zilijengwa upya kwa mawe. Ilichukua karibu msimu wote kutoka pipa moja hadi nusu ya bwawa.

Halafu korosho zikaisha. Kiwanda kidogo hubangua mpaka ghala libaki tupu, kisha hufunga na kusubiri mavuno mapya. Wanawake walikwenda mashambani, meneja akaenda kwao kaskazini, boila ikapoa. Hapo ndipo nilipoona tatizo ambalo sikulisoma popote. Tulikuwa tumefuga viumbe wanaoishi kwa kula sumu, na sasa hapakuwa na sumu ya kuwapa.

Mzee alikuwa amelifikiria. Mapipa yale ya kukodi aliomba yabaki. "Hiyo ni ghala yao," alisema. Kila siku ya kiangazi kile alifika kiwandani peke yake, akachota, akapima, akamwaga, akakoroga. Hakuna aliyemlazimisha. Alipopata habari kwamba dada yake amefariki Newala, alinijia nyumbani kuniomba jambo kwa upole sana, kama mtu anayeomba kuangaliziwa mtoto.

"Nitakwenda matanga. Sijui nitakaa muda gani. Utawalisha?"

Niliwalisha siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu niliacha maagizo kwa mlinzi, nikapanda gari kwenda Newala kutoa pole.

Njia ya Newala hupanda, na ukishafika juu upepo unabadilika. Nyumba ya marehemu ilikuwa ya matofali, imezungukwa na mikorosho, na kando yake palikuwa na kisima cha kuvunia maji ya mvua kilichofunikwa kwa zege, chenye mfereji wa bati kutoka paani. Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Nilitoa pole, nikala ugali wa muhogo na mbaazi, kisha mzee akaniita tutembee hadi ukingoni, mahali ambapo nchi inakatika na kuteremka ghafla, na bonde la Ruvuma linaonekana mbali chini, limejaa ukungu.

"Pale chini ndiko tulikuwa tunachota maji," alisema, akionyesha kwa kidevu. "Mama yangu, huyu dada yangu na mimi. Tunateremka asubuhi, tunapanda mchana, mtungi kichwani. Ukijikwaa ukamwaga, unarudi. Dada yangu alijikwaa siku moja karibu kabisa na nyumbani. Mama hakumpiga. Alikaa chini akalia. Mimi sikuwahi kumwona mama analia, hata kwenye msiba."

Upepo ulikuwa unavuta nguo zetu. Akaendelea.

"Siku niliyoanza kazi kule Masasi nikaona maji yanamwagwa shimoni, mapipa na mapipa, yamekuwa sumu, hakuna hata kuku anayeweza kuyanywa. Sikusema kitu, ni kazi, nina watoto. Lakini nilikuwa siwezi kupita karibu na lile shimo. Nilikuwa nazunguka upande wa pili. Ndipo nikaliona lile tope."

Mimi ninatoka mahali ambapo maji huteremka yenyewe hadi mlangoni. Nilikuwa nimeichukulia kazi ile kama tatizo la kemia, na baada ya Mkomaindo nikaichukua kama deni langu kwa mtu mmoja. Hadi pale ukingoni sikuwa nimeelewa kwamba mzee alikuwa na sababu yake, ya zamani kuliko yangu, na kwamba subira yake niliyoicheka haikuwa hofu ya mtu asiyesoma. Alikuwa amejua tangu mtoto kwamba maji yakishamwagika, hupandi nayo tena kwa haraka.

Nilimwomba radhi kwa kicheko kile. Alikuwa amekisahau, au alisema amekisahau.

Msimu wa pili bwawa lilipokea maji yote katikati ya mwezi wa pili wa kazi. Hatukumwalika mtu. Maji yaliyotoka upande wa pili wa matete yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa, na choroko tisa kati ya kumi ziliota. Nilipeleka sampuli Dar es Salaam kwenye maabara kubwa. Majibu yalirudi yakisema fenoli iko chini ya kiwango kinachoruhusiwa kumwagwa. Sio maji ya kunywa, na sijawahi kumwambia mtu kwamba ni ya kunywa. Kiwanda sasa huyarudisha kuoshea sakafu na mashine, na yanayobaki hunyweshwa miche ya mikorosho.

Mama wa bondeni alipona mikono, isipokuwa ngozi ya vidole viwili vya kulia ambayo imebaki nyororo na yenye rangi tofauti. Kiwanda kilimlipa hasara ya bustani na kumlimia upya udongo wa juu. Anapanda. Lakini maji ya matete hayagusi. Nilimweleza mara moja, nikamwonyesha choroko, nikamwonyesha karatasi ya maabara. Alisikiliza vizuri.

"Naona yamekuwa mazuri," alisema. "Lakini mimi nitachota kwenye kisima cha juu."

Si kile kifupi cha bustanini kilichoingiwa na tope. Kisima hicho kiko mbali, ni mwendo wa robo saa na ndoo kichwani. Mara nyingi nikienda kiwandani nakutana naye njiani. Tunasalimiana, ananiuliza habari za nyumbani, namuuliza za bustani. Sijamshawishi tena. Imani aliyokuwa nayo kwangu ile siku niliyosimama kwenye tuta lake ilikuwa yake, nami niliitumia vibaya. Akitaka kuirudisha atairudisha mwenyewe, na asipotaka, mchicha wake unaota.

Mzee alistaafu mwaka uliopita. Huko kwao Newala kikundi cha wanawake kilikuwa kinaanzisha ubanguaji, kidogo tu, chini ya banda, nao walikuwa wamesikia habari zetu. Waliniandikia wakiuliza tope linauzwa wapi. Nilimpelekea mzee swali hilo, akasema tope haliuzwi, linachukuliwa.

Tulijaza madumu manne. Hatukuyafunga sana, kwa sababu tope hai linahitaji hewa, na likikosa huvimbisha dumu. Nilimpeleka kwa gari la ofisi, yeye amekaa mbele, dumu moja katikati ya miguu. Tulisimama mara tatu njiani kufungua vifuniko na kutikisa. Kwenye kona za kupanda, lilicheza likamlowesha suruali, na gari zima likanuka shamba. Hakulalamika.

Wale wanawake walikuwa wamechimba birika lao na kulitandika turubai, limejaa maji ya mvua yaliyokorogwa na machicha ya mabibo. Mwenyekiti wao alinyoosha mikono kupokea dumu la kwanza, akataka kulimimina lote.

"Taratibu, mama," alisema mzee. "Hili limwage. Hayo matatu weka kivulini kwanza. Kesho tutakuja kuona kama wamepapenda mahali hapa."

Akavua viatu, akakunja suruali iliyolowa, akaomba mti wa kukorogea.